Ukuta wa mita mia: kisa cha makadirio ya barafu yaliyoruka mita moja, kisha yakashuka

Machi 2016, Robert DeConto wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na David Pollard wa Penn State walichapisha makala katika jarida la Nature, na wapangaji wa miji ya pwani wakalazimika kufungua upya mafaili waliyokwisha kuyafunga. Kama gesi joto zitaendelea kumwagwa hewani kwa kiwango cha juu kabisa, walisema, Antaktika peke yake inaweza kupandisha usawa wa bahari kwa zaidi ya mita moja kufikia 2100, na zaidi ya mita 15 kufikia 2500. Mwaka 2013 ripoti ya tano ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilikuwa imesema mambo ya kiasi zaidi: hata zile sehemu za Antaktika zilizokaa chini ya usawa wa bahari zikianza kuporomoka, nyongeza yake karne hii haitapita desimita kadhaa.

Miaka mitano baadaye DeConto na Pollard wenyewe, sasa wakiwa na kundi kubwa na modeli ya kompyuta iliyofanyiwa marekebisho, walitoa nambari ya katikati ya takriban sentimita 34 kwa hali ile ile ya gesi nyingi. Mwaka 2024 kundi jingine likasema kwamba utaratibu uliozaa ile mita moja huenda usijitokeze kabisa karne hii, hata katika barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole, inayoogopwa kuliko zote.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama cha watu waliokosea kisha wakasahihishwa. Mimi nadhani fizikia yao ilikuwa wazo halali kabisa. Palipoharibika ni kwenye mtihani waliotumia kuipima modeli: ulikuwa mtihani ambao hata mwanafunzi aliyekwepa somo hilo angeufaulu.

Fumbo la bahari ya kale

Kwa nini watafiti wazoefu waongeze kwenye modeli yao jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likitokea kwa ukubwa huo? Kwa sababu modeli ilikuwa imekwama. Miaka milioni 3 hivi iliyopita, katika kipindi cha Pliosini, hewa ilikuwa na kaboni dioksidi inayokaribiana na ya leo, sehemu 400 hivi kwa milioni, na alama za fukwe za kale zinaonyesha bahari ilikuwa juu kwa mita nyingi, pengine 10, pengine 20. Tukija karibu zaidi, miaka 125,000 iliyopita, kabla ya enzi ya barafu ya mwisho, makadirio yaliyokubalika wakati ule yaliiweka bahari mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Greenland ikiyeyuka yote inatoa mita 7 na kitu, na tunajua haikuyeyuka yote. Maji yanayobaki hayana pa kutoka ila Antaktika. Lakini kila walipoipa modeli joto la zama hizo, Antaktika ya kwenye kompyuta iligoma kupungua kiasi cha kutosha.

Mtu wa modeli akifika hapo ana njia mbili: atilie shaka vipimo vya kale, au atilie shaka fizikia yake. Wao walishika ya pili. Wakaanza kutafuta ni kitu gani kinachoweza kuiondoa barafu upesi kuliko kuyeyuka.

Ili kuelewa walichokipata, inabidi tuiangalie barafu inavyoingia baharini. Ngao ya barafu ya Antaktika ya Magharibi haikukaa juu ya nchi kavu ya kawaida. Imekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na mahali pengine mwamba huo uko zaidi ya kilomita mbili chini. Inateremka polepole kuelekea pwani, ikikanyaga mwamba, mpaka inafika mahali inapokuwa nyembamba kiasi cha kuinuliwa na maji. Hapo ndipo penye mstari wa kukanyaga. Nje ya mstari huo barafu inaelea kama bamba lenye unene wa mamia ya mita. Bamba halipandishi bahari likivunjika, kwa kuwa tayari linaelea, ila linafanya kazi ya kizibo: linajisugua kwenye kingo za ghuba na kwenye vilima vya chini ya maji, na hivyo linaizuia barafu iliyo nyuma isishuke ovyo.

Tatizo ni umbo la mwamba. Sehemu nyingi za Magharibi mwamba unazidi kuzama kadiri unavyoingia bara. Johannes Weertman alionyesha mwaka 1974 kwamba mstari wa kukanyaga ukirudi nyuma kwenye mteremko wa namna hiyo, barafu inayoukabili inakuwa nene zaidi, inamiminika kwa wingi zaidi, na mstari unazidi kurudi. Miaka minne baadaye John Mercer akaunganisha jambo hilo na kaboni dioksidi na kutoa onyo. Kwa hiyo wasiwasi juu ya Antaktika ya Magharibi ulikuwepo tangu zamani. DeConto na Pollard waliongeza mambo mawili juu yake.

La kwanza limeshuhudiwa. Kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi 2002, bamba la Larsen B kwenye rasi ya Antaktika lilisambaratika. Kilomita za mraba zipatazo 3,250 ziligeuka kuwa vipande vipande ndani ya siku 35 hivi, mbele ya macho ya setilaiti. Kabla ya hapo picha zilionyesha vidimbwi vya samawati vimetapakaa juu yake. Maji ya kuyeyuka huingia kwenye nyufa, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko barafu, uzito wao huupanua ufa kwenda chini mpaka bamba linapasuliwa kama kuni kwa kabari. Baada ya kizibo kuondoka, barafuto zilizokuwa nyuma yake zikaongeza mwendo mara kadhaa.

La pili ndilo lenye utata. Bamba likiisha, barafu inayobaki inasimama wima mbele ya bahari kama ukuta. Swali ni ukuta huo unaweza kuwa mrefu kiasi gani kabla haujajiangukia wenyewe.

Hesabu inayoweza kuandikwa kwenye kiganja

Chukua ukingo wa barafu wenye unene wa mita 900, umesimama kwenye maji ya kina cha mita 800. Barafu ina uzito wa kilo 917 kwa mita ya ujazo, maji ya bahari kilo 1,028. Mita 900 za barafu juu ya mita moja ya mraba zina uzito wa tani 825. Maji ya kina cha mita 800 yanabeba tani 822. Yaani barafu inakanyaga mwamba kwa nguvu kidogo tu, na juu ya maji zimebaki mita 100 za ukuta. Ukuta huo una hewa mbele yake, na hewa haiushikilii. Uzito wa hizo mita 100 unaleta mkandamizo wa takriban megapaskali 0.9, na nguvu ya barafu hukadiriwa kuwa kwenye megapaskali 1 hivi. Ndiyo maana ukienda kwenye barafuto za Greenland zinazoingia baharini, kama Jakobshavn na Helheim, unakuta kingo zake zinafika mita 100 hivi juu ya maji na haziendi mbali zaidi ya hapo. Mwaka 2012 Jeremy Bassis na Catherine Walker walikuwa wameeleza kinadharia kwa nini kikomo kiwe karibu na hapo.

Sasa iweke hesabu hiyo Thwaites. Hiyo ni barafuto yenye upana wa kilomita 120 hivi, yenye barafu ya kutosha kupandisha bahari kwa sentimita 65, na mwamba wake unazama kuelekea ndani. Bamba lake likiondoka, ukuta wa kwanza ukianguka, ukuta wa pili nyuma yake utakuwa mrefu zaidi, na wa tatu mrefu kuliko wa pili. Hakuna breki mpaka barafu iishe au mwamba uinuke. Mimi niliposoma maelezo haya kwa mara ya kwanza niliyaamini papo hapo, na nakiri kwamba kilichonishawishi ni wepesi wake. Hesabu inayotosha kiganjani ina mvuto ambao modeli ya mistari maelfu haina.

Ila modeli inahitaji kitu ambacho kiganja hakina: kasi. Ukuta ukipita kikomo, unarudi nyuma kwa kilomita ngapi kwa mwaka? Hapa fizikia ilikuwa kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima ukuta wa namna hiyo Antaktika. Wakaandika kanuni rahisi. Katika kila mraba wa modeli ulio ukingoni, kompyuta inakagua urefu wa ukuta. Ukiwa chini ya kikomo, hakuna kinachotokea. Ukizidi, ukingo unaanza kurudi, na kasi inaongezeka mpaka inafika kwenye dari iliyowekwa na mwandishi wa programu. Dari hiyo ni kilomita kadhaa kwa mwaka, na ilionekana ya busara kwa kuwa barafuto za kasi za Greenland hupoteza barafu kwa mwendo wa namna hiyo. Kisha wakaendesha modeli makumi ya mara, kila mara wakibadilisha dari hiyo pamoja na vigezo vingine viwili: jinsi maji ya bahari yanavyoyeyusha bamba kwa chini, na jinsi maji ya juu yanavyopanua nyufa. Mizunguko iliyoirudisha bahari ya kale kwenye viwango vilivyotarajiwa ilihifadhiwa, iliyoshindwa ikatupwa. Iliyofaulu ikatumwa kuitazama 2100.

Ndipo ikatoka mita moja.

Nambari inaposafiri

Makala yenyewe ilikuwa na tahadhari zake, pamoja na viwango vya chini kabisa vya ongezeko kama mataifa yangepunguza gesi kwa nguvu. Lakini tahadhari hazina miguu, nambari inayo. Januari 2017 taasisi ya bahari na hewa ya Marekani, NOAA, ilitoa seti ya hali za kupangia, na ile ya juu kabisa ikapandishwa kutoka mita 2.0 ya mwaka 2012 hadi mita 2.5 kufikia 2100. California ilikwenda mbali zaidi. Mwongozo wake wa 2018 ulikuwa na hali iliyoitwa H++, futi 10 kufikia 2100, yaani mita 3 hivi, kwa ajili ya miundombinu ambayo kushindwa kwake kungekuwa maafa.

Nataka kuwatendea haki waandishi wa H++. Hawakuipa asilimia yoyote ya uwezekano. Walisema wazi kwamba uwezekano wake haujulikani. Kwa mtu anayejenga mtambo wa kusafisha maji taka ufukweni ili udumu miaka 80, kuuliza "na ikiwa hivyo?" ni jambo la maana hata kama hakuna anayejua uwezekano. Shida ni kwamba jedwali lina safu. Safu nne zina asilimia, ya tano haina, na msomaji aliyechoka saa kumi jioni anazisoma zote kwa jicho moja.

Mtihani unarudiwa

Mwaka 2019 Tamsin Edwards wa King's College London na wenzake walizichukua takwimu za mizunguko ile ile ya 2016. Modeli kubwa ni nzito kuiendesha, kwa hiyo walitengeneza modeli nyepesi ya kitakwimu inayoiga majibu ya ile kubwa, ambayo unaweza kuiuliza maswali maelfu kwa muda mfupi. Wakaiuliza maswali mawili.

La kwanza: badala ya kuchagua mizunguko michache, tukijaza nafasi zote zilizo katikati ya thamani za vigezo, majibu yanajikusanya wapi? Chini. Kwa hali ya gesi nyingi sana, thamani yenye uwezekano mkubwa zaidi ilikuwa sentimita 45, huku mkia mrefu wa majibu yenye uwezekano mdogo ukinyooka kuelekea juu. Ile mita moja ilikuwa kwenye mkia.

La pili ndilo zito. Tukizima kabisa kanuni ya ukuta, je, modeli inashindwa mtihani wa bahari ya kale? Haishindwi. Ukihesabu kwa uaminifu jinsi vipimo vyenyewe vilivyo na utata, mizunguko isiyo na ukuta inaendana na Pliosini, inaendana na ile miaka 125,000 iliyopita, na inaendana na mabadiliko yaliyopimwa na setilaiti kuanzia 1992 hadi 2017. Na bila ukuta, hata makadirio ya juu yenye nafasi ya 5 tu kati ya 100 ya kupitwa yanabaki chini ya sentimita 43 kufikia 2100.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Modeli yenye ukuta ilifaulu mtihani. Modeli isiyo na ukuta nayo ilifaulu. Mtihani haukuwa na uwezo wa kuzitenganisha, lakini matokeo yao ya karne hii yanatofautiana sana. Kufaulu kulikuwa kweli. Maana yake ndiyo iliyozidishwa. Tena mtihani wenyewe haukuwa umesimama mahali pamoja. Kiwango cha bahari cha kale kinasomwa kwenye matumbawe na fukwe ambazo zenyewe zimepanda au kushuka pamoja na ardhi katika muda huo wote. Mwaka 2021 uchunguzi wa fukwe za kale za Bahamas ulionyesha kwamba bahari ya miaka 125,000 iliyopita huenda haikuzidi mita 5.3 juu ya leo. Kama ni hivyo, fumbo lililowasukuma DeConto na Pollard kutafuta ukuta linapungua ukubwa. Rula iliyotumika kuirekebisha modeli ilikuwa imejipinda, na hakuna modeli inayoweza kugundua hilo kwa ndani.

Mwaka ule ule wa 2019, Fiona Clerc, Brent Minchew na Mark Behn walishambulia upande wa fizikia. Barafu ina tabia mbili: ikipigwa ghafla inavunjika kama kioo, ikiachiwa muda inatiririka kama unga uliokandwa. Kikomo cha mita 90 hadi 100 kinashika kama kizibo kinaondolewa karibu papo hapo. Kikiondoka kwa siku kadhaa au zaidi, ukuta unapata muda wa kujinyoosha na kulegeza mkazo, na unaweza kusimama ukiwa mrefu zaidi kwa mamia ya mita. Kumbuka Larsen B: lilionekana kama tukio la ghafla, nasi huandika hivyo, lakini lilichukua wiki tano.

DeConto na Pollard hawakuzira, na hili nawasifia. Makala yao ya 2021 iliingiza kiwango cha upotevu wa barafu kinachopimwa na setilaiti katika mtihani, ikaboresha hesabu za hewa na za kuyeyuka kwa juu, ikaweka kasi ya Jakobshavn kama mpaka wa ile dari. Ukuta walibaki nao. Matokeo ya 2100 yakashuka kama nilivyosema mwanzoni, ila mkazo ukahamia kwingine: dunia ikielekea ongezeko la nyuzi 3, walisema, upotevu wa Antaktika unaruka ghafla baada ya 2060 hivi na kufikia takriban nusu sentimita kwa mwaka mwishoni mwa karne.

IPCC nayo ilikuwa na kazi ya kuandika ripoti ya sita mwaka huo huo huku mjadala ukiwa haujaisha. Walichofanya nakiona kuwa cha ustadi kuliko maelewano mengi ya kamati. Walitoa kiwango chenye uwezekano mkubwa cha bahari nzima, sentimita 63 hadi 101 kufikia 2100 kwa hali ya gesi nyingi sana, bila ukuta. Kisha pembeni, kwa mstari wa vidoti, wakasema kwamba ongezeko linalokaribia mita 2 kufikia 2100 na mita 5 kufikia 2150 haliwezi kuondolewa mezani, wakaandika kwamba uhakika wa hilo ni mdogo. Ni wazo lile lile la H++, safari hii likiwa limechorwa kwa namna ambayo jicho lililochoka haliwezi kulichanganya na safu nyingine.

Miongozo ikafuata. NOAA ilipoandika upya hali zake mwaka 2022 ile ya mita 2.5 iliondolewa. California ilipohuisha mwongozo wake mwaka 2024, H++ haikuwemo. Hali ya juu kabisa ni futi 6.6, mita 2 kamili.

Thwaites kwenye modeli tatu

Agosti 2024, Mathieu Morlighem wa Dartmouth na wenzake walichapisha jaribio ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuwa la kwanza, kama kompyuta na ramani za mwamba zingeruhusu. Badala ya kuipima kanuni kwa bahari ya mamilioni ya miaka, waliipeleka mahali penyewe. Walichukua modeli tatu tofauti zenye miraba midogo ya kutosha kuuona ukingo, kwa sababu modeli ikiwa na miraba mikubwa mstari wa kukanyaga hurukaruka badala ya kusogea. Wakaipa kanuni ya ukuta nafasi nzuri kuliko asili inavyoweza kuipa: bamba la Thwaites likafutwa lote kwa mkupuo.

Ukingo haukukimbia. Kizibo kilipoondoka barafu iliongeza mwendo, na barafu inayokwenda kasi hunyooka, na ikinyooka hupungua unene. Ukuta ukawa mfupi kabla haujafika kwenye kikomo cha kujiangusha. Ile hesabu ya kiganjani ilikuwa imekosa kitu kimoja: iliuchukulia ukuta wa pili, ule wa nyuma, kana kwamba unasubiri zamu yake umesimama, wakati nao umeshaanza kutembea.

Jaribio hilo linahusu karne hii na sehemu hiyo. Halikuipa Thwaites afya. Maji ya kina yenye joto kidogo juu ya kiwango cha kuganda yanaendelea kuingia chini ya bamba lake na kuula mstari wa kukanyaga, mstari unarudi kwenye mteremko ule ule aliouonyesha Weertman mwaka 1974, na kwa hilo hakuna ukuta unaohitajika.